Jinsi ya Kufuga Kanitangaze Bila Gharama: Mwongozo kwa Kaya za Masasi na Newala

Korosho ni zao la msimu, na mkulima mwenye akili hategemei zao moja. Ndiyo maana kila mkutano wa kijiji, kuanzia Lulindi hadi Kitangari, haukosi mtu wa kusimama na kuwahimiza wananchi wabuni mradi wa ziada. Kuku hupendekezwa, lakini kideri kikipita banda hubaki na manyoya. Mbuzi hupendekezwa, lakini mbuzi akila muhogo wa jirani, kesi hufika baraza la kata kabla mbuzi hajamaliza kucheua. Nyuki hupendekezwa na watu ambao hawajawahi kurina.

Upo mfugo mmoja ambao wahimizaji wetu wameusahau. Hauhitaji banda wala chanjo, hauibiwi usiku, na unazaa kuliko mnyama yeyote aliyewahi kupangwa kwenye maonyesho ya Nanenane. Anaitwa kanitangaze. Aliyelima nyanya bondeni anamfahamu: majani yana mabaka yaliyokauka, tunda lina tundu dogo karibu na kikonyo, na ukilipasua unakuta mwenye nyumba yumo mezani.

Wengi wetu tunamfuga tayari, ila kwa kubahatisha. Mwongozo huu una nia ya kumtoa mfugaji kwenye kubahatisha na kumfikisha kwenye ufugaji wa kitaalamu. Hatua zote nane zimejaribiwa na majirani zetu msimu baada ya msimu, na hakuna hata moja iliyowahi kushindwa.

Hatua ya kwanza: Ujue mfugo wako

Mfugaji makini hujua asili ya mifugo yake. Kanitangaze ni nondo mdogo kutoka Amerika Kusini. Mtaalamu wa wadudu wa Uingereza, Edward Meyrick, alimwelezea kisayansi mwaka 1917 kwa vielelezo vya Huancayo, Peru, na katika vitabu vingi jina lake ni Tuta absoluta. Kwa miaka mingi alitulia huko huko kwao. Mwaka 2006 akaonekana Hispania, akaenea nchi za Mediterania, akaingia Afrika Kaskazini, na mwaka 2014 akaripotiwa Kenya na Tanzania, kwetu akianzia upande wa Arusha. Bahari na jangwa havikumsumbua, kwa kuwa safari zake ndefu hakuziruka kwa mbawa. Alisafiri ndani ya nyanya, kwa nauli ya mwenye nyanya.

Nondo mzima ana urefu wa milimita 5 hadi 7, rangi ya kijivu inayong'aa kidogo na madoa meusi mbawani. Mchana hujificha katikati ya majani. Kazi yake ya kupandana na kutaga huifanya giza likiingia. Ukimtafuta saa sita mchana huku umebeba bomba la dawa mgongoni hutamwona, na hilo litatufaa sana tukifika hatua ya tano.

Jike mmoja anaweza kutaga hadi mayai 260 maishani mwake. Hayaweki yote mahali pamoja. Huyagawa kwenye majani laini, mashina machanga na vikonyo vya matunda mabichi, kila yai dogo kuliko nusu milimita. Baada ya siku 4 au 5 kiwavi hutoka, hutoboa ngozi ya jani na kuzama ndani. Humo hukua kwa hatua nne, akijivua ngozi kila inapombana, hadi kufikia karibu milimita 7 na nusu. Huanza na rangi ya maziwa, hugeuka kijani, na mwishoni hupata wekundu mgongoni. Nyuma ya kichwa ana mkanda mwembamba mweusi wa kumtambulishia. Akishiba hujishusha hadi ardhini kwa uzi wa hariri na kulala udongoni akiwa pupa. Wavivu wao hulala humo humo ndani ya jani. Kisha nondo hutoka, na hesabu huanza upya.

Hesabu yenyewe huamuliwa na joto. Katika nyuzi 14 za Selsiasi, safari ya kutoka yai hadi nondo huchukua takribani siku 76. Katika nyuzi 20 ni siku 40 hivi. Katika nyuzi 27 ni siku 24 tu. Mfugaji wa Newala, anayepigwa na upepo wa Juni na Julai juu ya ukingo wa uwanda wa Makonde, asikate tamaa mifugo ikichelewa kidogo. Mfugaji wa Masasi mwezi Oktoba, wakati ile milima ya mawe inapokea jua tangu asubuhi na kulirudisha usiku, ana kila sababu ya kutabasamu. Chukua kalamu: jike mmoja, mayai 260, nusu yao majike. Majike hao 130 wakitaga kila mmoja 260, jumla ni 33,800, na miezi miwili haijatimia. Kweli, wote hawaponi. Ndiyo sababu kuna hatua nyingine saba.

Hatua ya pili: Ielewe nyumba anayoishi

Jani la nyanya, pamoja na wembamba wake wote, lina ngozi mbili, ya juu na ya chini. Katikati kuna nyama laini ya kijani, ambako mmea hutengenezea chakula chake. Kanitangaze huishi hapo katikati. Anakula nyama na kuziacha ngozi zote mbili, moja iwe paa na nyingine sakafu. Mvua haimlowanishi, jua halimkaushi, na dawa inayoishia juu ya jani imeishia kwenye paa lake. Ukitaka kuhakikisha kwamba yumo, chuma jani lenye baka uliinue kuelekea juani. Utakiona kivuli chake kikijongea, na nyuma yake kinyesi cheusi alichokiacha njiani.

Maisha haya hayakubuniwa na kanitangaze. Wadudu wa koo nyingi zisizo na undugu wa karibu wameyagundua, kila ukoo kivyake: wamo nondo, nzi na mbawakawa. Huko Ulaya na Marekani wamo hata jamaa wa nyigu wasio na kiuno chembamba, ambao jike wao ana kimsumeno cha kupasulia jani ili aingize yai ndani. Mmoja wao, Fenusa pumila, anaishi kwenye mibetula, miti ya nchi za baridi yenye magome meupe. Alitoka Ulaya akagunduliwa Marekani mwaka 1923, na pale viwavi wake wanapokuwa wengi, mti mzima huonekana umebabuka kwa moto. Jamaa wa nyigu hao wapo hata huku kwetu: baadhi ya wale viwavi weusi wanaotafuna figiri na kabichi ni wa ukoo wao. Ila wa kwetu hula hadharani bila haya, kwa hiyo kuku anaweza kuwadonoa. Mfugo wa namna hiyo hatuupendekezi.

Usimchanganye pia kanitangaze na vidomozi wale ambao ni watoto wa nzi. Nzi hao wadogo, weusi wenye manjano, wa jamii ya Liriomyza, huchimba majani ya nyanya, maharage, kunde na tikiti. Mmoja wao aliingia Kenya katika miaka ya 1970 akiwa ndani ya vipandikizi vya maua kutoka Florida, naye kwa nauli ya mwenye maua. Njia ya kidomozi ni nyembamba, imepindapinda, na hupanuka polepole kadiri mchimbaji anavyonenepa. Hukaa katika jani moja mpaka amalize kula, kisha hutoka na kuanguka ardhini. Kanitangaze hana nidhamu hiyo. Huchimba baka pana lisilo na umbo, jani likimchosha huhamia jingine, kutoka hapo shina, na kutoka shina huingia kwenye tunda. Shamba lisilotunzwa anaweza kulimaliza lote. Kwa mfugaji anayetaka matokeo ya haraka, hakuna wa kumfikia.

Hatua ya tatu: Andaa malisho ya mwaka mzima

Kanitangaze hali kila kitu. Ana ukoo wake wa mimea, na mfugaji asiyeujua ukoo huo anaweza kuwaua mifugo kwa njaa bila kukusudia. Chakula kikuu ni nyanya. Vinavyofuata ni viazi mviringo, bilinganya na nyanya chungu. Tumbaku anakula, na pilipili huigusa mara mojamoja. Porini anao mnavu na mnanaha, ambao hustawi pembeni ya mifereji bila kupandwa na mtu.

Mimea isiyomfaa ni mahindi, mtama, ufuta na karanga. Hapa lazima tuseme wazi: mkulima anayetoa nyanya shambani na msimu unaofuata akaweka ufuta au mahindi anafanya ukatili. Nondo watatoka udongoni, watazunguka usiku kucha, na hawatapata pa kutaga. Mfugaji mwenye huruma hupanga mazao yake hivi: nyanya, halafu nyanya chungu, halafu bilinganya, halafu nyanya tena. Mkulima akimwuliza kama anazungusha mazao, atajibu bila kuona haya kwamba amezungusha, tena mara tatu.

Mnavu uachwe. Una sababu nzuri ya kuwepo, kwa sababu ni mboga, na hakuna bwana shamba atakayekulaumu kwa kutunza mboga. Kati ya msimu na msimu, nyanya zikiwa hazipo, mnavu wa kando ya mfereji ndio utakaowashikia mifugo wako mahali.

Hatua ya nne: Tafuta mbegu bora ya mifugo

Ikiwa shamba lako ni jipya na bado halina kanitangaze, usihangaike kumtafuta. Nunua miche. Miche ya kuuziana njiani, iliyokuzwa kwenye kitalu kisichofunikwa neti, karibu na shamba la nyanya zilizozeeka, huja na mifugo yake bure. Usigeuze jani hata moja kabla ya kulipa, maana muuzaji anaweza kudhani humwamini.

Njia ya pili ni matenga. Tenga lililopeleka nyanya sokoni, likakaa siku nzima limebanana na matenga ya watu kutoka pande zote, limekusanya pupa na viwavi wa kila aina. Lirudishe shambani siku hiyo hiyo bila kulikung'uta wala kulianika, uliweke katikati ya matuta ili kila mmea upate mgao wake.

Nyanya zilizotobolewa, zile ambazo mchuuzi amezikataa, zirundike pembeni mwa shamba, kivulini. Humo ndani kuna viwavi ambao hawajamaliza kula, na utu unataka waachwe wamalize. Anayezifukia kwenye shimo refu, au kuzifunika kwa turubai la nailoni juani mpaka ziive kwa joto, huyo hana utu.

Hatua ya tano: Piga dawa kwa namna isiyowasumbua

Mfugaji ambaye hapigi dawa kabisa hushukiwa na majirani. Kwa hiyo piga, lakini kwa utaratibu.

Anza na salfa iliyobaki kwenye mikorosho. Sisi watu wa kusini tuna haki ya kuiamini salfa. Mavuno ya korosho nchini yalifika tani 145,000 hivi msimu wa 1973/74, kisha yakaporomoka hadi chini ya tani 20,000 mwishoni mwa miaka ya 1980. Watu walikuwa wamehamishiwa vijijini mbali na mikorosho yao, bei haikuwatia moyo, na juu ya hayo yote ukaingia ubwiri unga ukakausha maua. Watafiti wa Naliendele waliposhikilia salfa, mikorosho ikarudi kuzaa. Kwa heshima hiyo, wapo wanaoona kwamba kilichouponya mkorosho kitaiponya na nyanya. Salfa hupambana na kuvu juu ya ua na jani. Kiwavi aliyelala katikati ya ngozi mbili za jani haimgusi. Atasikia vumbi likitua darini na kuendelea kula. Kwa mfugaji, hakuna dawa salama kuliko hiyo.

Salfa ikiisha, nenda duka la pembejeo ununue chupa yenye picha ya kiwavi anayetisha. Piga saa sita mchana, nondo wakiwa wamejificha, jua likikausha matone kabla hayajatua, na upepo ukipeleka nusu ya dawa kwa jirani. Nyunyizia juu ya majani tu. Chini ya majani, ambako mayai mengi yamewekwa, si adabu kuchungulia.

Wiki ijayo badilisha chupa. Hapa panahitaji uangalifu: badilisha chupa, usibadilishe dawa. Kampuni tofauti huuza kiini kile kile cha sumu kwa majina tofauti na rangi tofauti za kifuniko. Jina la kiini limeandikwa kwa herufi ndogo chini ya jina kubwa la biashara, kwa hiyo usisome herufi ndogo. Ukipiga kundi moja la sumu msimu mzima, kanitangaze dhaifu watakufa na wenye usugu watabaki kuzaliana. Amerika Kusini na Ulaya wamefanya hivyo kwa miaka, na sasa wana ukoo wa kanitangaze wasiojali sumu kadhaa ambazo zamani ziliwaua. Huo ndio ufugaji wa kuboresha kizazi ambao tumekuwa tukiufundishwa kwa ng'ombe.

Usipoona tofauti, changanya dawa tatu kwenye bomba moja, upime kwa kifuniko cha soda. Kisha vuna kesho yake asubuhi. Kwenye lebo kuna idadi ya siku za kusubiri kabla ya kuvuna, lakini lebo haina madeni ya ada za shule.

Hatua ya sita: Wakinge dhidi ya maadui

Mfugo wowote una maadui, na wa kanitangaze ni wengi kuliko mtu anavyodhani. Buibui humkamata nondo. Kunguni wadogo wa kijani wanaorandaranda kwenye majani hufyonza mayai. Nyigu wadogo sana, ambao mtu huwadhania usubi, hutaga mayai yao ndani ya mayai ya kanitangaze au ndani ya kiwavi mwenyewe, na anayezaliwa humla mwenyeji wake kutoka ndani.

Kuna hata watu wanaowaleta maadui hao kwa makusudi. Kituo cha icipe cha Nairobi kilimleta kutoka Peru, mwaka 2017, nyigu mdogo aitwaye Dolichogenidea gelechiidivoris, kwa hoja kwamba kanitangaze alikuja kwetu peke yake na kuwaacha maadui zake nyumbani. Hoja hiyo ina ushahidi wa kuogopesha. Yule Fenusa wa mibetula alitamba Marekani hadi watu walipomfuata na nyigu wadogo kutoka Ulaya, na kaskazini mashariki mwa nchi hiyo akapungua mpaka akawa mdudu wa kawaida tu.

Sisi nasi tuna mfano wa karibu. Wale majimoto wanaoshona majani ya mkorosho wawe na kiota, na kumuuma kila anayepanda kuangua, huwinda mbu wa mikorosho bila malipo. Tumewalipa fadhila kwa kuwachoma moto na kuwapulizia sumu. Endelea na moyo huo huo bondeni. Tumia sumu inayoua kila kinachotembea, tena mapema, hata kabla ya kuona baka la kwanza. Kanitangaze, akiwa amejifungia ndani ya jani, ataikosa. Buibui, kunguni na nyigu, wanaofanya kazi nje, wataipata yote.

Epuka pia mitego yenye harufu ya jike. Kinachowekwa ni kidonge kidogo chenye harufu hiyo, juu ya beseni la maji yenye sabuni. Madume huja usiku kutafuta mchumba na kuzama. Ubaya wa mtego huo ni umbea: humweleza mkulima kwamba mifugo wamewasili wakati bado ni wachache, akapata muda wa kuwahi.

Hatua ya saba: Korosho zikianza, ondoka

Hatua sita zilizotangulia ni za kusaidia. Hii ndiyo inayozibeba, na mtu akiifuata peke yake atafanikiwa hata akizisahau nyingine.

Huku kwetu mvua ni za msimu mmoja, na nyanya nyingi ni za kiangazi. Juu ya uwanda, maji ni ya madumu na foleni, kwa hiyo matuta hushuka mabondeni, chini ya ukingo wa Newala na kwenye maeneo yenye chemchemi kama Ndanda. Miche huhamishwa baridi ikianza, mavuno makubwa huja baadaye, na ifikapo Septemba na Oktoba mimea imechoka: majani ya chini yamekauka, matunda yamekuwa madogo, bei imeshuka.

Wakati huo huo korosho zinaanza kudondoka. Familia nzima inapanda juu kwenye mikorosho, kuokota, kutenga mabibo, kuanika, kupeleka ghalani. Minada ya MAMCU kwa watu wa Masasi, na ya TANECU kwa watu wa Newala na Tandahimba, ndiyo habari pekee redioni na kijiweni. Watu wanahesabu shilingi kwa kilo na siku za malipo. Nani atashuka bondeni kung'oa mashina ya nyanya yasiyo na bei?

Hapo ndipo mfugo wako unapofikia utukufu wake. Oktoba na Novemba joto liko juu, na mzunguko umefupika kuelekea zile siku 24. Mimea ipo, imesimama, ina majani ya kutosha na matunda ambayo hakuna anayeyachuma. Hakuna anayepiga dawa, hata ile ya saa sita mchana. Hakuna anayepalilia. Kutoka mnada wa kwanza hadi Krismasi kuna nafasi ya vizazi vitatu, na kila kizazi kinazaliwa katika shamba ambalo mwenyewe ameshalisahau. Mvua zikinyesha, wenye haraka huanza kusia mbegu za nyanya mpya jirani na shamba hilo la wazee. Miche ikichipua inakuta watu wanaingoja.

Kisha mkulima husimama kando ya kitalu, akashika kiuno, akasema mwaka huu wadudu wametoka mbali.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mfugaji wa kanitangaze aelewe hatari ya usemi huo. Pupa wamelala kwenye tabaka la juu la udongo, na jembe likipita huwafukia wengine chini kabisa na kuwatoa wengine juu, wakakaushwa na jua na kuokotwa na kuku. Basi mgeni huyu usimpe jembe. Liache jembe nyumbani, liegemee ukuta, hadi masika.

Hatua ya nane: Dumisha ujirani usio na mikutano

Ukisimama Shimo la Mungu pale Newala ukatazama chini kuelekea Ruvuma, huoni mipaka ya mashamba. Nondo naye haioni. Upepo ukimsaidia, anavuka uzio wowote. Kwa hiyo mkulima mmoja akisafisha shamba lake na majirani watano wasisafishe, atakuwa amejichosha bure. Mafanikio ya ufugaji huu yanategemea kila mtu kufanya lake kwa wakati wake. Mazungumzo bora ya mpakani ni haya:

"Mjomba, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Habari za juu?"

"Njema. Mjomba, naona nyanya zako zimekwisha. Yale mashina ungeyang'oa, wadudu wanazaliana mle."

"Yanakula kwako?"

"Hapana, mjomba, ila wadudu wakishamaliza kwako wanakuja kwangu."

"Wakija wafukuze. Mimi nina magunia mawili bado hayajapimwa ghalani. Nitayang'oa Januari."

Mpwa hawezi kubishana na mjomba wake, huo ndio utaratibu wetu, na kanitangaze anauheshimu kuliko sisi.

Maswali ya wafugaji

*Mifugo yangu imepungua ghafla. Nimekosea wapi?*

Chunguza kama kuna mtu nyumbani amekuwa akichuma majani yenye mabaka kila wiki na kuyatia kwenye ndoo yenye mfuniko. Mara nyingi ni bibi. Mwambie apumzike, umri umeenda.

*Jirani anatumia maji ya mwarobaini, na nyingine anayoiita dawa ya vijidudu. Je, ni hatari?*

Ni hatari akipiga jioni, akipiga chini ya majani, na akianza viwavi wakiwa wadogo kabla hawajazama ndani. Dawa za namna hiyo huwaacha maadui wengi wa kanitangaze wakiwa hai. Mshawishi apige mchana.

*Je, nikiacha kulima nyanya kabisa?*

Hapana haja. Mwenzako analima, na mnavu upo.

*Nimechoka. Nataka kuuacha ufugaji huu. Nifanyeje?*

Tunasikitika kukupoteza, lakini hatukatazi. Siku ya kuchuma mara ya mwisho, ng'oa kila shina siku hiyo hiyo, na matunda mabovu pamoja nalo, ufukie yote kwenye shimo refu au uyafunike kwa turubai juani. Lima ardhi, ipindue. Ondoa mnavu uliozeeka kando ya mfereji. Angalau wiki sita bondeni pasiwepo nyanya, bilinganya wala nyanya chungu, kisha anza na ufuta au mahindi. Kabla ya hapo, shuka na mjomba wako na majirani wote mkubaliane tarehe moja ya kung'oa, maana ukiifanya peke yako umewahamisha tu. Mkiweza, mifugo itakufa kwa njaa ndani ya msimu mmoja, na mwongozo huu utakosa wasomaji.

Hatuna wasiwasi. Tarehe hiyo itaangukia Oktoba, na Oktoba minada imefunguliwa.